Kwa Nini Mche Mzuri wa Nyanya Hufa Ukitolewa Nje

Malalamiko ni yale yale kila msimu wa kupanda unapokaribia. Mtu amesia mbegu za nyanya ndani, zimeota karibu zote, miche imerefuka na ina kijani cha kupendeza. Siku aliyoitoa nje, jioni imelala. Siku ya tatu majani yana mabaka meupe, makavu kama karatasi. Akiuliza, anapewa majibu kumi: mbegu ni feki, maji hayakutosha, udongo umechoka, tia mbolea hii, pulizia dawa ile. Anazidi kuchanganyikiwa, maana karibu yote hayo ameshayafanya na miche bado inakufa.

Mara nyingi mbegu haina kosa, wala udongo. Kinachotuponza ni kuuita mche mzuri kwa kutazama urefu na rangi yake, ilhali vitu vinavyouwezesha kusimama nje havionekani upesi hivyo. Mche hujengwa na mahali ulipokulia. Uliokulia kwenye mwanga hafifu na hewa tulivu una mwili wa kuishi kwenye mwanga hafifu na hewa tulivu, hata ukiwa na kijani namna gani.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kusia ni kuweka mbegu kitaluni. Kitalu ni mahali popote miche inapolelewa kabla ya kwenda mahali pake pa kudumu: tuta dogo, trei yenye vishimo, au kopo lililotobolewa chini. Kupandikiza ni kuutoa mche kitaluni na kuupanda utakapozalia. Kati ya hatua hizo mbili ipo nyingine, inayorukwa kuliko zote: kukomaza miche, yaani kuionjesha jua, upepo na baridi ya usiku kidogo kidogo mpaka izoee. Nitaifikia, lakini haieleweki vizuri bila kujua mche umepitia nini kabla yake.

Joto la kuota si joto la kukua

Mbegu ya nyanya imebeba chakula chake cha safari. Ili iote haihitaji mbolea wala mwanga. Inataka unyevu, hewa, na udongo wenye joto. Udongo ukiwa kati ya nyuzi joto 21 na 27 za Selsiasi, mbegu nzima huchomoza kwa siku 5 hadi 10. Kwenye nyuzi 10 inaweza kukaa tu mpaka ioze, na ikivuka nyuzi 35 nyingi hugoma. Angalia kwamba ni joto la udongo, si la hewa. Udongo uliolowa hupoteza joto maji yanapokauka juu yake, hivyo chumba kinaweza kuwa na joto zuri huku trei ikiwa baridi. Kina kinatosha nusu sentimita hadi sentimita moja. Ukiifukia zaidi, inamaliza chakula chake njiani kabla haijafika juu.

Majani mawili ya kwanza, marefu na membamba, si majani halisi ya nyanya. Ni majani ya mbegu, ambayo yalikuwa yamekunjwa ndani yake tangu mwanzo. Majani halisi ni yanayofuata, yenye kingo zilizochongoka na harufu ile inayobaki vidoleni. Baadaye majani ya mbegu hugeuka manjano na kudondoka, na hapo wengi hushtuka bure wakakimbilia mbolea. Yamemaliza kazi yake, basi.

Mara miche inapochomoza, mambo yanabadilika. Joto lililoisaidia kuota sasa linaweza kuiharibu. Ikiendelea kukaa mahali penye joto kali na mwanga kidogo, inakimbia kwenda juu. Nyuzi 18 hadi 24 mchana, na pungufu kidogo usiku, zinaipa mwendo wa taratibu ambao shina linaweza kuufuata kwa unene.

Kurefuka kunakotudanganya

Hapa ndipo palipo na mkanganyiko mkubwa kuliko pote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto akirefuka tunafurahi. Mche ukirefuka haraka, mara nyingi unaomba msaada. Mmea una uwezo wa kupima mwanga unaoufikia, wingi wake na hata rangi yake, na kwa kipimo hicho hutambua kama uko wazi au umefunikwa. Ukijiona uko kivulini hutumia akiba yake kurefusha shina, kwa matumaini kwamba juu kidogo kuna jua. Ni kama mtu aliye nyuma ya umati anayesimama kwa ncha za vidole ili aone mbele: ameongezeka urefu, lakini msukume kidogo uone. Shina la mche wa namna hiyo ni jembamba na laini, umbali kati ya jani na jani ni mkubwa, na mizizi ni michache kwa sababu chakula kilichopaswa kwenda chini kimekwenda juu.

"Lakini dirisha langu lina mwanga mwingi sana!" Jicho linatudanganya. Jicho la binadamu hujirekebisha likiingia ndani, ndiyo maana chumba huonekana kina mwanga wa kutosha. Ukipima kwa luksi, ambacho ni kipimo cha mwanga, jua la mchana lililo wazi hufikia takriban luksi 100,000, ilhali chumba chenye taa za kawaida za usiku kina mamia machache tu. Karibu na dirisha ni afadhali kuliko katikati ya chumba, ila hata hapo jua huingia kwa upande mmoja na kwa saa chache. Miche inayoinamia dirisha imeshakujibu swali lako.

Anayeweza kulea miche nje chini ya kivuli chepesi yuko mbele kwa hatua kadhaa. Anayelazimika kulea ndani, kwa sababu ya baridi au kwa kukosa nafasi, atumie taa. Zile za mirija huwekwa karibu, sentimita 5 hadi 10 juu ya vilele, na hupandishwa kadiri miche inavyokua. Taa za LED za kukuzia mimea hutofautiana mno kwa nguvu, kwa hiyo fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Saa 14 hadi 16 kwa siku zinatosha, kisha zima. Wapo wanaoacha taa ziwake usiku kucha wakidhani wanaharakisha ukuaji. Nyanya ni miongoni mwa mimea inayodhurika kwa kukosa giza kabisa: majani huanza kuwa na manjano na mche hudhoofika.

Jambo jingine linalokosekana ndani ni upepo. Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea Mmarekani, Mark Jaffe, alieleza kwamba mmea unaoguswaguswa au kutikiswa mara kwa mara hukua mfupi na mnene zaidi kuliko ulioachwa umetulia. Mmea huhisi mtikisiko na kuimarisha shina, kama vile mfupa na misuli ya mtu anayebeba mizigo. Feni ndogo inayovuma taratibu inafanya kazi hiyo. Kiganja pia kinafanya: pitisha mkono juu ya vilele mara kadhaa kwa siku, kwa wepesi, majani yakiwa makavu. Yakiwa na maji acha, maana mkono husambaza magonjwa. Na kama umetoka kushika tumbaku, nawa kwanza kwa sabuni, kwa sababu kirusi cha batobato la tumbaku hushambulia nyanya na huhama kwa kuguswa.

Na ile iliyokwisha kurefuka usiitupe. Nyanya imejaliwa jambo ambalo mimea mingi ya bustani haina: shina lake likifukiwa kwenye udongo linatoa mizizi mipya. Unapohamishia mche kwenye kopo kubwa zaidi, baada ya majani halisi mawili au matatu, uzamishe mpaka karibu na majani ya chini. Ule urefu uliokuwa udhaifu unageuka mizizi. Ila ukiwa na mche uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina moja juu ya shina la aina nyingine, usifukie pale palipounganishwa. Sehemu ya juu itaota mizizi yake na faida yote ya kubebesha itapotea.

Unapohamisha mche mchanga, ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina ni moja tu, na likibonyezwa basi.

Maji mengi huua kuliko maji machache

Kinyausi ni jina la balaa linalomkuta mtu asubuhi: miche iliyosimama jana imeanguka, shina limesinyaa na kuwa kama uzi pale linapogusana na udongo, huku majani bado ya kijani. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji, na kumbe ndiyo wanaimaliza. Kinyausi huletwa na vimelea vya ukungu wanaoishi kwenye udongo, hasa wanaojulikana kama Pythium na Rhizoctonia, na wanachokipenda ni udongo uliotota, hewa isiyotembea na miche iliyosongamana. Mche ulioshikwa shingoni hauponi. Uondoe pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza hewa, na uokoe waliobaki. Mdalasini unaonyunyizwa juu, ambao husifiwa sana, haumfufui aliyekwisha kuanguka.

Tunasahau kwamba mizizi nayo hupumua. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, na mizizi iliyokosa hewa haiwezi kuvuta hata hayo maji yaliyoizunguka. Ndiyo maana mche unaweza kunyauka ukiwa umesimama kwenye tope. Ile kanuni ya "kidogo kila siku" naikataa kabisa, kwa sababu huloanisha sentimita ya juu tu, inaivutia mizizi ibaki juu, na kuwatunzia vimelea unyevu pale pale shingoni. Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya trei, kisha subiri juu pakauke. Njia ya kujua ni kuinua trei: ukiibeba mara tu baada ya kumwagilia na tena ikiwa kavu, mkono wako utajifunza tofauti kwa siku mbili tatu, na hutahitaji kubahatisha tena.

Kwa sababu hiyo hiyo udongo wa kuchota bustanini haufai kwa trei. Ukiwa shambani unapumua kwa msaada wa minyoo na nyufa. Ukiutia kwenye kishimo kidogo unashikamana kama tofali, na huja na vimelea na mbegu za magugu. Mchanganyiko wa mboji iliyoiva vizuri na kitu cha kuupa wepesi, kama mchanga mkubwa au nyuzi za makumbi ya nazi, unatosha. Ikibidi kutumia udongo, usiwe wa mahali palipokuwa na nyanya, viazi mviringo, biringanya au pilipili hoho msimu uliopita. Ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni ya urithi mmoja.

Kuhusu mbolea nitasema machache. Mpaka majani halisi yatokee haihitajiki. Baada ya hapo mpe mche mbolea ya maji iliyozimuliwa, nusu au robo ya kipimo cha kawaida, mara moja kwa wiki. Naitrojeni ikizidi inaleta kijani cha kuvutia na mwili laini uliojaa maji, ambao ndio unaoanguka wa kwanza nje. Mche ukigeuka zambarau chini ya majani usikimbilie kusema fosforasi haipo. Mara nyingi ipo, ila udongo ni baridi na mizizi inashindwa kuichukua. Upashe joto kwanza ndipo uamue.

Jani la ndani na jani la nje

Sasa tufike pale miche inapofia.

Chukua mtu asiyewahi kushika jembe. Siku ya kwanza akilima kutwa nzima, viganja vinatoka malengelenge na kesho hawezi kushika hata kikombe. Akilima nusu saa leo, saa moja kesho, ngozi inaota sugu, na baada ya muda analima bila kuumia. Mkono ni ule ule, ila umejengwa upya. Kukomaza miche ni kuiotesha sugu.

Jani lililokulia ndani ni jembamba. Utando wa nta unaolifunika juu, ambao kazi yake ni kuzuia maji yasipotee, ni mwepesi. Vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia havijazoea kujifunga haraka hewa ikikauka. Kinga dhidi ya miale mikali ya jua karibu haipo, kwa sababu kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo na taa nyingi hazina. Litoe jani hilo saa sita mchana, na mambo matatu yanalipata kwa pamoja. Upepo na jua vinavuta maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hivyo mche unalala hata udongo ukiwa umelowa. Mwanga unazidi uwezo wa jani kuutumia, na ziada inaunguza chembe zake, ndiyo yale mabaka meupe. Usiku ukiingia, joto linashuka kwa kiasi ambacho mche haujawahi kukiona.

Msimu mmoja nilitoa trei nzima saa nne asubuhi, siku ya jua zuri, nikaenda kwenye shughuli zangu. Niliporudi alasiri majani ya juu yalikuwa yamesharangika fedha. Nilimwagilia mara tatu siku ile, na hakukuwa na mabaka hata moja yaliyorudi kuwa kijani. Jani lililoungua halirudi. Kilichoiokoa ile michache iliyobaki ni majani mapya yaliyochipuka yakiwa nje.

Na hiyo ndiyo sababu kukomaza kunachukua siku 7 hadi 10 na si mbili. Majani ya zamani hubadilika kwa sehemu tu, ila yale yanayochipuka na kukunjuka katika siku hizo hujengwa kwa ajili ya nje tangu mwanzo. Tunachosubiri ni mche kupata nguo mpya.

Siku ya kwanza iwe saa moja au mbili, kivulini, pasipo na upepo mkali. Kila siku ongeza muda. Siku ya tatu au ya nne acha ipate jua la asubuhi, ambalo ni pole, kisha isogeze kwenye jua zaidi na zaidi. Baada ya wiki ikae nje mchana kutwa, na mwishoni ilale nje, mradi usiku hauteremki chini ya nyuzi 10. Siku za mawingu mazito usizihesabu, kwa kuwa miche haikuonja jua. Punguza maji kidogo katika kipindi hiki, bila kuiacha inyauke. Aliyelelea kitaluni nje chini ya kivuli afanye kazi ile ile kwa kukifungua kivuli hatua kwa hatua. Na kama inzi weupe wapo, chandarua chenye matundu madogo sana kibaki mpaka mwisho, kwa sababu hao ndio wanaobeba kirusi kinachokunja majani, na mche ulioambukizwa ungali kitaluni hautakuzalia cha maana.

Wapo wanaoona huruma na kuirudisha ndani kila jani linapoinama kidogo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini wapo pia wa upande wa pili, wanaodhani kukomaza ni kutesa: wanainyima maji kwa siku kadhaa na kuiacha kwenye baridi. Mche ulioteswa namna hiyo hudumaa, na wengine hukaa wiki nyingi baada ya kupandikizwa bila kuongeza jani.

Wala kukomaza hakuugeuzi mmea kuwa kitu kingine. Asili ya jamii ya nyanya ni magharibi ya Amerika ya Kusini, na ilifanywa zao la bustani huko Meksiko. Hakuna kukomaza kutakakoufundisha kuvumilia barafu. Kukiwa na hatari ya usiku wa barafu, subiri.

Siku ya kupandikiza

Mche ulio tayari una urefu wa sentimita 15 hadi 20, majani halisi matano hadi saba, na shina linalokaribia unene wa penseli. Kwenye joto unafika hapo kwa takriban wiki nne hadi tano tangu kusia. Kwenye baridi ni wiki sita hadi nane. Wengi huchagua ulio na maua tayari wakitarajia kuvuna mapema, na mara nyingi hupata kinyume chake. Mche wenye maua kwenye kopo dogo mizizi yake imeshaanza kujizungusha, na ukipandikizwa unagawanya nguvu kidogo ulizonazo kati ya kuota mizizi na kulea matunda. Mdogo wake asiye na ua humpita baada ya wiki chache. Ukiwa huna mwingine, kata maua ya kwanza bila kusitasita.

Mche ulionunuliwa nao uulize ulikotoka. Kama ulikuwa umesimama nje juani, uko tayari. Kama ulikuwa chini ya paa au ndani ya banda la plastiki, anza nao siku ya kwanza kama wako mwenyewe.

Pandikiza jioni au siku ya mawingu, mwagilia trei saa chache kabla, zika shina mpaka chini ya majani ya kwanza yenye afya, kandamiza udongo kwa upole, kisha mwagilia tena. Siku tatu nne zinazofuata, usihukumu kwa kutazama saa nane mchana. Mche mpya unaweza kuinama kwenye joto kali hata kama umeshika vizuri, kwa sababu mizizi bado inatafuta njia. Nenda alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukikuta umesimama, uache. Ukikuta umelala hata saa hiyo, ndipo fukua kidogo pembeni uone kama udongo ni mkavu, umetota, au kama kuna funza aliyekata shina chini.